Ajenda ya Saba

Mwaka ule mwamba ulichomoza katikati ya ghuba,
mdogo, meza ya watu wanne ingeufunika,
mweusi, unang'aa, una ndevu za mwani.
Haukuwamo katika ramani yao wala yetu.

Huku kwetu Bothnia nchi bado haijatulia.
Barafu iliilalia zamani, nzito, miaka elfu kwa elfu,
na tangu iyeyuke, ardhi inainuka polepole
kama donge la unga lililotiwa hamira likasahauliwa jikoni.
Gati alilojenga babu linangoja mashua kwenye majani.
Bibi alikuwa akituonya: msigombane na watu wa ng'ambo,
ipo siku watakuja kwa miguu.
(Nao ng'ambo, nilikuja kujua baadaye,
ng'ambo walituita sisi.)

Basi mwamba ukawa ajenda ya saba,
baada ya ruzuku ya feri, kabla ya chakula cha mchana.
Halmashauri yao upande ule, yetu upande huu,
mimi katikati na kalamu,
lugha mbili, ukurasa mmoja,
mstari wa penseli ukizitenga.

Sixten Norrgård alisimama na rula.
Mstari unapita hapa, alisema,
kwa hiyo mwamba ni wa kwao wote
ukiondoa upana wa viatu viwili.
Aulikki Rautakoski hakusimama. Alikuwa anamenya chungwa.
Akauliza: viatu vya nani? Namba ngapi?
Watu wakacheka. Sixten hakucheka.

Hoja ikazaa hoja.
Nani ataweka taa, nani atanunua betri,
nani ataupa jina, na kwa lugha ipi,
feri ikiuparuza usiku kesi isikilizwe wapi.
Mwanasheria wetu akaomba muda.
Mwanasheria wao akaomba muda mrefu zaidi.
Kahawa ikapoa, ikamwagwa, ikachemshwa nyingine.
Siku hiyo niliandika neno mpaka
mara thelathini na moja.

Juni tukaenda kuuona. Halmashauri mbili, boti moja,
maana bajeti ilitosha mafuta ya boti moja,
na ndani ya jaketi zile za kuokolea, zote rangi ya chungwa,
hukuweza kujua nani ni wa wapi.
Maji yalikuwa bapa, rangi ya bati.
Sili alitoa kichwa, akatuhesabu, akazama.

Kisha buabua akatushukia kutoka juu kama jiwe,
akamdonoa Sixten kwenye upara bila kuuliza uraia,
akageuka, akamnyea Aulikki begani.
Nahodha akazima injini.

Juu ya mwamba, katika kishimo kisichozidi kisosi,
mayai matatu
yenye madoa kama wino uliokung'utwa kutoka kalamu.
Kwa rula ya Sixten, moja lilikuwa letu, mawili yao.
Hakuna aliyetamka hilo.
Niliona macho yakipima, kisha yakiona haya.
Aulikki akatoa leso, akafuta bega,
akaikunja upande safi,
akampa Sixten ajifute damu.

Sijapata kuandika muhtasari mfupi kama ule.
Feri zipite kusini zaidi.
Taa ingoje; betri zitanunuliwa kwa zamu,
mwaka huu wao, mwakani sisi.
Na kuhusu mpaka:
mpaka vifaranga waruke.

Waliruka Julai, wawili. Wa tatu hatujui.
Ajenda ya saba haijafunguliwa tena,
ingawa Sixten bado huja na rula mfukoni,
na Aulikki humwekea nusu ya chungwa.
Mwamba haujapewa jina.
Nimesikia umeongezeka, tangu mwaka jana,
upana wa kucha.